Kirusi kinachorudi kila ukikifuta: kikague Windows ikiwa haijawaka

Kama kirusi kinafutwa leo na kesho kimerudi, acha kurudia ukaguzi wa kawaida. Windows 10 na 11 zina ukaguzi wa bure unaofanyika kabla mfumo haujawaka. Sasisha Defender (kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows) kwanza, hifadhi kazi zako zote, kisha fungua Windows Security, bofya alama ya ngao, ingia "Scan options", chagua mstari wa Microsoft Defender wenye neno "offline" na ubofye "Scan now". Mashine itajizima, itajiwasha na kukagua kwa takriban dakika 15. Matokeo utayaona kwenye "Protection history". Siri yake ni kwamba kirusi sugu hujilinda kikiwa kinafanya kazi: huficha mafaili yake, au hujirudisha kila kinapofutwa. Windows ikiwa haijawaka, nacho hakijaamka.

Mashine ikijiwasha tu bila kukagua chochote, huenda sehemu ya urejeshaji ya Windows, ambamo ukaguzi huu hufanyika, imezimwa. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika reagentc /info. Ukiona "Disabled", andika reagentc /enable, kisha rudia ukaguzi. Wenye BitLocker (kufuli la Windows la kusimba diski), wekeni ufunguo wa urejeshaji karibu, unaweza kuulizwa.

Usitarajie ukaguzi huu ufungue mafaili yaliyofungwa na virusi vya kudai fidia (ransomware). Matangazo yanayochomoza kwenye kivinjari nayo mara nyingi hutoka kwenye viendelezi (programu ndogo zilizoongezwa kwenye kivinjari). Viendelezi hivyo vitoe kwa mkono. Na nywila zilizokwisha kuibwa zibadilishe, ila kwa kutumia kifaa kingine.