Jinsi ya kutengeneza tangazo la dhihaka dhidi ya kampuni

Nimewasaidia wanaharakati kadhaa katika kazi hii, na karibu wote hukwama hatua ya 3. Nitakaa hapo zaidi.

1. Chagua tangazo. Liwe linalojulikana na kila mtu. Asiyelijua la asili hataitambua dhihaka.

2. Tafuta ukweli mmoja linaoufunika. Mmoja tu, wenye ushahidi wa maandishi: hukumu ya mahakama, utafiti, au ripoti ya kampuni yenyewe.

3. Geuza kitu kimoja. Rangi, herufi na mpangilio viache vilevile. Mwaka 1996 jarida la Adbusters lilimchukua Joe Camel, ngamia wa matangazo ya sigara, likamtoa akiwa mgonjwa wa saratani kwa jina la Joe Chemo. Ngamia ni yuleyule, ila sasa anaonyesha sigara inamfikisha mtu wapi.

Ugumu ni kipimo. Ukiiga mno, mpita njia haoni tofauti, nawe umeitangaza kampuni bure. Ukibadilisha mno, linakuwa bango la kawaida la kulalamika. Kwa hiyo weka mgeuko pale jicho linapotua kwanza, yaani kwenye kaulimbiu au usoni. Kisha mwonyeshe mtu asiyejua kampeni yako, uliondoe upesi, umuulize limesema nini. Akitaja bidhaa tu, rudia.

Hakikisha pia anayechekwa ni kampuni. Mnunuzi, mfanyakazi na mgonjwa wasiguswe.

Halafu kuna nembo. Afrika Kusini, kampuni ya bia ya South African Breweries iliishtaki Laugh It Off, watengenezaji wa fulana, kwa fulana zilizogeuza jina la bia "Black Label" kuwa "Black Labour", yaani kazi ya watu weusi. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba iliipa ushindi Laugh It Off, kwa kuwa kampuni ya bia haikuthibitisha uwezekano wa hasara ya kiuchumi. Kwingine sheria ni tofauti, hivyo muone wakili kabla ya kuchapa.

4. Chora. Tumia Inkscape, programu ya kuchora ya kompyuta. Ni ya bure, na michoro yake haivurugiki ukiikuza hadi ukubwa wa bango. Programu za simu zenye violezo ziache kabisa. Kazi zake zote hufanana.

5. Sambaza, ushahidi ukiwa pembeni. Mwaka 2010 video ya shirika la mazingira la Greenpeace kuhusu KitKat, chokoleti ya Nestlé, na mafuta ya mawese iliondolewa YouTube kwa malalamiko ya Nestlé, na watu wakazidi kuisambaza. Waliweza kwa sababu nakala zilikuwapo kwingine. Zako ziweke mahali kadhaa kabla ya kuchapisha.