Salamu za Kikrioli: Haiti, Morisi, Shelisheli na kwingine, anza hivi

Kama ulisoma Kifaransa sekondari, au una majirani Wakongo wanaokiongea, una mwanzo mzuri lakini usidhani umemaliza. Vikrioli vilizaliwa kwenye mashamba ya watumwa visiwani, maneno mengi ni ya Kifaransa ila sarufi na matamshi ni yao wenyewe, na raha ni kwamba Haiti, Morisi na Shelisheli wanaandika karibu vile wanavyotamka, tena hiyo "ou" unaisoma "u" tu.

Haiti ndio nitakaa zaidi maana watu wameanza kuuliza tangu Wakenya wapeleke polisi kule 2024. Angalia saa kwanza. Asubuhi ni Bonjou, saa sita mchana ikipita tu ni Bonswa, yaani jua bado kali na mtu anakwambia Bonswa, usishangae, hata sisi Kampala kwa Kiganda wasuze otya ya asubuhi na osiibye otya ya mchana haziingiliani. Alafu uliza Kijan ou ye? yaani hali yako, nae atasema Mwen byen, mèsi, mzima, asante. Kwa vijana wenzako ni Sak pase? na jibu lake N ap boule, neno kwa neno "tunaungua" lakini maana yake tuko poa, ila kwa mzee usijaribu, yeye mwite Misye au Madanm, kama vile huwezi kumwacha mtu mzima hapa bila ssebo (bwana) au nnyabo (mama). Ukifika mlangoni kwa mtu hasa vijijini piga Onè! wa ndani anajibu Respè! Hodi na karibu hizo, basi.

Bahari ya Hindi sasa. Morisi na Shelisheli ile "j" inageuka "z" kwahiyo ni Bonzour, na ukiingia dukani hiyo itangulie kabla hujataja bei. Kuuliza hali: Ki manyer? kwa Morisi, Shelisheli wanaandika Ki mannyer? Morisi kuna "to" ya washkaji na "ou" ya heshima, mgeni shika "ou" mpaka mzoeane. Jibu ni Mo bien, mersi kwa Morisi, Mon byen, mersi kwa Shelisheli.

Reunion, kisiwa cha huko huko Bahari ya Hindi, wao hali wanaulizana Koman i lé? na watu wanajibu Lé la, nipo. Saint Lucia, kisiwa cha Karibiani, ni Sa ka fèt? unajibu Mwen la, nipo vilevile, sasa mtu aliyezoea kujibu gyendi, yaani nipo kwa Kiganda, hapo atashindwa nini jamani. Saint Lucia ukikwama rudi Kiingereza, ndio lugha rasmi kule.

Kuaga Haiti sema N a wè pita, tutaonana baadae. Shelisheli ni Orevwar. Morisi mtu akikwambia Salam huku anachukua begi lake, usianze kumjibu aleikum salaam na kumvutia kiti, huyo anaondoka.