Kupima homoni ya parathiroidi na kalsiamu: kujiandaa na kuyaelewa majibu

Damu ya vipimo hivi viwili ichukuliwe kwa wakati mmoja, kwa sababu homoni ya parathiroidi, inayotolewa na tezi ndogo za shingoni, hupanda na kushuka kufuatana na kalsiamu iliyomo kwenye damu saa ile ile. Kalsiamu ya mwezi uliopita haiwezi kuifafanua homoni ya leo.

Kabla ya siku yenyewe, mweleze daktari dawa zote unazotumia, hasa lithiamu na zile za kukojoza za jamii ya thiazidi, ambazo hupandisha kalsiamu. Lakini usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini (aina ya vitamini) husahaulika sana, kwa kuwa wengi hawavihesabu kuwa dawa, ilhali katika baadhi ya mashine huifanya homoni ionekane ndogo kuliko ilivyo. Uliza maabara uviache kwa siku ngapi. Maji unywe kama kawaida, maana mwili uliokaukiwa hupandisha kalsiamu. Kuhusu kufunga kula, fuata agizo la maabara.

Mkono ukifungwa mpira kwa muda mrefu, kalsiamu husomeka juu isivyo kweli. Usishangae pia ukitolewa chupa mbili: homoni huhifadhika vizuri katika chupa ya kifuniko cha zambarau, lakini kemikali iliyomo humo huinasa kalsiamu, ndiyo maana kalsiamu hupimwa katika chupa nyingine.

Kwa mtu mzima kalsiamu huwa takribani milimoli 2.1 hadi 2.6 kwa lita, na homoni pikogramu 15 hadi 65 kwa mililita, ingawa kila maabara ina mipaka yake. Albumini, protini ya damu inayobeba kalsiamu, ikiwa chini, kalsiamu ya jumla nayo husomeka chini, hivyo daktari huirekebisha.

Penye makosa mengi ni hapa: kalsiamu ikiwa juu na homoni ikaandikwa "kawaida", hiyo si kawaida, kwani tezi zenye afya zingekuwa zimenyamaza, tezi hizo zichunguzwe. Kalsiamu ikiwa juu na homoni ikiwa chini kweli, chanzo hutafutwa kwingine, ikiwemo saratani au vitamini D iliyozidi. Kalsiamu ya chini yenye homoni ya juu huelekeza kwenye upungufu wa vitamini D au ugonjwa wa figo. Zote mbili zikiwa chini, mara nyingi mgonjwa alifanyiwa upasuaji wa shingo. Huyo akianza kuhisi ganzi midomoni au mikono kukakamaa, apelekwe hospitali mara moja.