Kabla hujanunua vitabu vipya vya watoto, angalia kwanza vile vilivyochafuka

Ukishapewa hela ya kununulia maktaba vitabu vya watoto, iwe laki tatu iwe milioni mbili, miguu inawasha kwenda Posta, katikati ya jiji la Dar, kuzunguka maduka. Tulia kwanza. Chuchumaa mbele ya shelfu la watoto ulilonalo, toa vitabu kimoja kimoja, gawa mafungu mawili, vichafu huku visafi kule. Uchafu naouongelea ni alama za vidole vyenye embe, jalada lililoungwa na selotepu mpaka selotepu yenyewe imebadilika rangi, kurasa zilizolegea katikati. Hivyo ndo vinavyosomwa. Vile visafi ndo tulivyovisifia sisi watu wazima siku vinaingia.

Mimi nasimamia kachumba ka vitabu huku Mbagala, majamvi mawili, mashelfu manne na feni inayofanya kazi ikijisikia, na hii kitu nilijifunza kwa hasara. Mara ya kwanza kupata bajeti nilichagua kwa kichwa changu, hadithi za maadili, mtoto mtiifu kapata zawadi, mtoto mkaidi kaliwa na fisi, majalada mazuri balaa. Miezi sita baadaye nikamshikisha kimoja dogo wa darasa la 4, akafungua ukurasa wa mwisho kabla ya wa kwanza, akanirudishia. "Hiki kina mafunzo." Hakusema kwa ubaya, alikuwa ananijulisha tu. Toka siku hiyo na mimi dukani naanza na ukurasa wa mwisho, nikikuta mstari unaoanza na "Hadithi hii inatufundisha" nakirudisha mezani, sio kwamba maadili nayakataa, ila mwandishi aliyeshindwa kuyaficha ndani ya hadithi huwa kashindwa na vingine pia.

Kwenye fungu letu la vichafu kulikuwa na kitabu cha picha cha nyoka, viwili vya vichekesho, kimoja cha mpira, hadithi ya mzimu ambayo kurasa nane hazipo na bado wanaisoma wanajazia wenyewe, na kitabu cha mapishi ambacho mpaka leo sijaelewa kwanini. Hapo ndo unapata orodha ya manunuzi, sio kwamba ukanunue nyoka watupu, hapana, jiulize hivi vitabu vinafanana nini. Vyetu vilifanana kwamba unaweza ukafungua popote ukaanza. Kwako itakuwa kingine. Waulize na watoto wenyewe lakini usiwaulize mnapenda vitabu gani, watakujibu wanachodhani mwalimu anataka kusikia, waulize kipi kimegombaniwa wiki hii.

Ukitaka kulinganisha na wengine panda gari mpaka Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, nenda sehemu ya watoto, fanya zoezi hilohilo kwa macho. Migongo ya vitabu inaongea kuliko katalogi.

Haya sasa tuko dukani. Kuna kipimo cha vidole vitano ambacho walimu wengi wanakijua, mtoto anasoma ukurasa mmoja, kila neno likimshinda anakunja kidole, vikiisha vitano kitabu ni kigumu kwake. Kipimo kizuri ila kwa Kiswahili kinadanganya usipokirekebisha, kwasababu sisi tunatamka kama ilivyoandikwa, mtoto akishajua kuunganisha silabi anaweza kukusomea hukumu ya mahakama mwanzo mwisho bila kukwama na hajaelewa kitu. Kwahiyo usihesabu maneno aliyoshindwa kutamka, onyesha neno kwa kidole muulize maana yake nini, hapo ndo akunje.

Kwa wale wa darasa la 1 na la 2 ambao bado wako kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, shida ni nyingine kabisa, ni urefu wa neno. "Paka amelala" hana tatizo nalo. "Hawakumsindikiza" kwako ni neno moja, kwake ni treni la mabehewa nane na behewa la nne ni "m" peke yake imesimama bila irabu, anaitolea jasho. Weka na wale wakorofi kina nyw, mbw na ng'. Fungua ukurasa wowote wenye mistari mitano, ukikuta maneno ya namna hiyo matatu manne kitabu kiende kwa wakubwa, hata kama jalada lina katuni ya bata na limeandikwa ni cha wanaoanza kusoma. Na herufi ziwe kubwa, zisikae juu ya picha, nshaona maandishi ya njano juu ya majani ya mgomba, mtu mzima mwenyewe nilisogea dirishani.

Afu soma ukurasa mmoja kwa sauti palepale, usione aibu, kitabu kilichotafsiriwa hovyo ulimi unakishtukia kabla ya jicho. Kuna kimoja nilinunua bila kusoma, mjukuu anaamka anamwambia bibi yake "Habari za asubuhi, bibi". Hamna shikamoo hamna nini. Madogo wakaniuliza huyu kagombana na bibi yake? Tukasubiri ugomvi mpaka kurasa zikaisha. Vitabu vya Kenya sina neno navyo, watakuta matatu mahali pa daladala watacheka wataendelea, ila viwango vyao vimeandikwa kwa gredi za mtaala wao, usizichukue moja kwa moja kama darasa letu, pima mwenyewe.

Profesa mmoja Mmarekani, Rudine Sims Bishop, aliandika mwaka 1990 kwamba kitabu kwa mtoto kinaweza kuwa kioo cha kujiona, dirisha la kuchungulia wengine, au mlango wa kuingia kwao. Alikuwa anaongelea watoto weusi wa kwao lakini ukisimama mbele ya shelfu la Mbagala unamwelewa haraka. Madirisha tunayo tele, theluji, misitu, kijiji chenye mbuyu na sungura. Kioo? Mtoto anayepanda Mwendokasi, anayechota maji kwa jirani, anayeishi nyumba ya kupanga ya vyumba sita na wapangaji sita, huyo yuko kwenye vitabu vingapi? Nikikikuta cha namna hiyo na kimeandikwa vizuri nanunua nakala mbili hapohapo. Angalia pia watoto wenye ulemavu na wenye ualbino wanafanya nini kwenye hadithi, kama kazi yao ni kuonewa huruma na kuokolewa tu, acha.

Vitabu vya maarifa usisumbuke kusoma vyote, kimbilia ramani. Ramani ya Tanzania isiyo na mkoa wa Songwe ni ya kabla ya 2016, isiyo na Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ni ya kabla ya 2012. Afrika isiyo na Sudan Kusini ni ya kabla ya 2011. Sayari wakihesabu tisa na Pluto ikiwemo, hicho hakijaguswa tangu 2006, hata kama jalada linang'aa na limeandikwa toleo jipya. Dakika mbili tu.

Kabla hujalipa kifanyie ukatili kidogo. Kifungue katikati kiinamishe kabisa, sikiliza. Kikilia kwaa na gundi nyeupe ikaonekana imekatika, masika moja tu ya Dar kitakuwa karatasi za kufungia karanga. Kilichoshonwa kwa uzi kinaishi. Vile vyembamba vya pini ni sawa ila hewa ya huku pini zinapata kutu, kwahiyo wahi kuviwekea nailoni na upitishe uzi wewe mwenyewe, sindano ya gunia inatosha. Na vyembamba usivipange vimesimama, mgongo wake hauna jina, vitapotelea humohumo, funga kamba ukutani vining'inize na vibanio vya nguo, jalada liangalie watu.

Vijana ndo mtihani wenyewe. Msingi wamesoma kwa Kiswahili, wanaingia form one kila kitu Kiingereza, unakuta mtu wa miaka 14 Kiingereza chake ni cha darasa la 4 ila kichwa chake na mambo yake ni ya miaka 14. Ukimpa kitabu chepesi chenye sungura juu ya jalada, hata kukishika mbele ya wenzake hakishiki. Kwahiyo tafuta vyembamba, sentensi fupi, lakini mambo ya rika lake, upelelezi, mpira, mapenzi ya kushikana mikono, kukimbia nyumbani, hela. Na Kiswahili usikiache, walimu watakwambia nunua Kiingereza tu kiwasaidie mitihani, mimi nagawa nusu kwa nusu maana anayesoma kwa raha kwa lugha moja ni rahisi kumvusha kwenda nyingine, asiyesoma kabisa unamvusha na nini.

Vya vijana visome VYOTE mwenyewe, mwanzo mwisho. Maelezo ya nyuma ya jalada yameandikwa na muuzaji. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike mashuleni na kuna maktaba zilikuwa na baadhi bila mtu yeyote pale kujua ndani kuna nini. Kama maktaba yako iko shuleni, muulize afisa elimu na Taasisi ya Elimu Tanzania kuhusu ithibati, yaani kibali cha kitabu kutumika shuleni, kabla ya kutoa hela, sio baada. Kama ni ya mtaa kama yetu andikeni ukurasa mmoja tu, tunachagua vitabu hivi kwa sababu hizi, mlalamikaji anamwona nani, bandika ukutani. Mama mmoja alikuja na kitabu cha hedhi alichokuta kwenye begi la binti yake, amefura, nikampa ule ukurasa, akakaa kwenye jamvi akausoma, kisha akasoma na kitabu, akaondoka nacho. Mpaka leo hajakirudisha. Kwenye daftari tumeandika kimeazimwa.

Kwenye kununua, tuseme una laki tano. Laki moja weka pembeni kabla ya kitu chochote, ni ya nakala za pili na za tatu za vile vichafu, pamoja na nailoni na selotepu pana. Inayobaki usiimalize siku moja, nunua nusu, kaa navyo miezi miwili uone vinachafuka au vinakaa, ndo urudi. Vya mfululizo chukua cha 1 na cha 2 tu, nshawahi kubeba vyote kumi kwasababu ya diskaunti, namba 3 mpaka 10 vinaisaidia meza isiyumbe.

Nenda kwa wachapishaji wenyewe badala ya mtu wa tatu, kina Mkuki na Nyota, E&D Vision, omba profoma, yaani karatasi ya bei kabla ya kulipa, omba punguzo la maktaba, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, usiondoke bila hiyo maana mweka hazina wako atakuandama. Duka la TPH (Tanzania Publishing House) pale Samora ni pazuri kwa kushika vitabu kwa mkono kabla ya kuamua. Ulizia pia vitabu vilivyopitia Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991, na ufuatilie Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, hadithi za watoto nazo zimeingizwa humo. Ukitaka kujua haraka kitabu ni cha nyumbani geuza nyuma uone ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, ikianza 978-9987 au 978-9976 ni ya Tanzania, 978-9966 ni ya Kenya. Vile vya barabarani chunguza picha, zikiwa na ukungu na maandishi yamepinda ni kopi ya wizi, usiingize maktaba.

Hela ikikata kuna African Storybook kwenye intaneti, hadithi za picha bure, Kiswahili kipo, na leseni yake inaruhusu kuprinti mradi majina ya waandishi na wachoraji yabaki. Print, kunja, piga pini, laminesheni kwenye jalada. Ila kipimo ni kilekile, soma kwa sauti kwanza, vingine tafsiri yake haijatulia.

Vya msaada navyo pitisha kwenye kipimo hichohicho, usiogope kukataa. Tuliwahi kuletewa maboksi manne, tukapiga picha na mabango na soda juu, tukafungua tukakuta vitabu vya mtihani wa udereva wa nchi ambayo gari linapita kulia. Siku hizi naomba orodha kwanza.

Mwezi uliopita ile laki ya pembeni ilinunua nakala mpya ya kitabu cha nyoka, nikaivika nailoni, nikaining'iniza mbele kabisa. Iko palepale kwenye kibanio. Wanagombania ile ya zamani isiyo na jalada, maana ukiiachia tu inajifungua yenyewe kwenye ukurasa wa kifutu.