Somo: Bega Linalouma kwa Miezi Mingi, Jinsi ya Kusoma Picha Yake na Kurudi Kazini

Somo hili nimewaandikia wanachama ambao bega limewauma kwa zaidi ya miezi 3, muda ambao wataalamu huutumia kama mpaka wa kuanza kuyaita maumivu kuwa sugu. Kazi yangu ni tiba ya viungo hapa Kisumu, na wengi ninaowahudumia ni watu wanaoishi kwa mikono yao: akina mama wa mabeseni ya samaki, wakata miwa wa Muhoroni na Chemelil, mafundi wa rangi, walimu walioandika ubaoni miaka 20. Karibu wote huuliza ni kitu gani kimeharibika ndani. Ni swali la haki, lakini bega likishauma muda mrefu, ukubwa wa maumivu huacha kuwa kipimo cha ukubwa wa uharibifu, na asiyeambiwa hivyo huishia kuuficha mkono wake kana kwamba ni yai.

Hatua ya kwanza: ondoa hatari

Ikiwa ulianguka kutoka kwenye pikipiki au mtini na mkono ukakataa kuinuka tangu siku hiyo, nenda hospitali mapema, kwa sababu kano (ukanda unaoshikanisha msuli na mfupa) iliyokatika ghafla hutibika vizuri zaidi ikitambuliwa katika wiki za mwanzo. Bega lililobadilika umbo, lililovimba na kuwa moto huku una homa, kukonda bila sababu, kutokwa na jasho usiku, au historia ya saratani ni mambo ya kuchunguzwa na daktari bila kungoja. Maumivu ya bega la kushoto yanayokuja ukipanda mlima na kupoa ukipumzika, hasa kifua kikibana, yachukulie kuwa ya moyo hadi daktari aseme vingine. Bega la kulia nalo linaweza kuuma kwa sababu ya kifuko cha nyongo.

Hatua ya pili: soma picha yako ukikumbuka picha za wasioumwa

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa kuwa ndipo watu wengi hupotea. Mtu hupigwa picha ya ultrasaundi au ya MRI (mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili), anapewa karatasi iliyoandikwa kwamba kano imechanika, imechakaa au kifuko cha maji kimevimba, na kuanzia hapo anaamini amepata chanzo. Kinachokosekana kwenye karatasi hiyo ni habari za watu wa umri wake wasioumwa kabisa. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowapiga ultrasaundi wanaume 51 wa miaka 40 hadi 70 ambao mabega yao hayakuwa na tatizo lolote, na asilimia 96 kati yao walikutwa na kasoro za aina moja au nyingine. Kabla ya hapo, mwaka 1995, watu 96 wasio na dalili walipigwa picha za MRI, na miongoni mwa waliozidi miaka 60, asilimia 54 walikuwa na kano iliyochanika bila wao kujua. Kwa hiyo mchaniko katika umri huo ni kama mvi: upo, unaonekana, lakini si lazima uwe ndio unaouma.

Mtu anaweza kusema kwamba wenye mchaniko mkubwa na wanaoumwa bila shaka huumia zaidi kuliko wenye mchaniko mdogo. Jambo hilo pia lilipimwa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwachunguza wagonjwa 393 waliokuwa na kano iliyochanika unene wake wote bila ajali, na hawakuona uhusiano kati ya ukubwa wa mchaniko na kiwango cha maumivu. Nchini Uingereza, wagonjwa 313 wenye maumivu ya bega waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: waliochongwa mfupa ulio juu ya kano, waliofunguliwa na kufungwa bila kuchongwa chochote, na wasiofanyiwa upasuaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliochongwa mfupa hawakuwazidi waliofunguliwa tu, na makundi hayo mawili yaliwazidi wasiopasuliwa kwa kiasi kidogo mno kuwa na maana katika maisha ya mgonjwa. Kama mfupa ule ndio uliokuwa ukisaga kano na kuleta maumivu, kuuondoa kungepaswa kuleta tofauti iliyo wazi.

Niseme pia kosa langu. Miaka ya mwanzo ya kazi, katika hospitali moja ya mkoa huu, nilimwambia mama mmoja mbeba mizigo kwamba bega lake "limechakaa kama kamba ya ngarawa". Niliona nimempa maelezo rahisi. Miezi sita baadaye alirudi akiwa hawezi kumsuka mtoto wake nywele, kwa sababu tangu siku ile alikuwa ameufunga mkono na kitambaa ili kamba isikatike. Picha haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichokuwa kimembadilisha ni neno langu, na tangu hapo huwa nafikiri mara mbili kabla ya kutamka "kuchakaa".

Hatua ya tatu: elewa kwa nini maumivu hubaki

Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilirekebisha maana ya maumivu mwaka 2020, na katika maana hiyo maumivu huambatana na uharibifu wa tishu uliopo au unaoweza kutokea, au hufanana tu na yale yanayotokana na uharibifu huo. Neno "hufanana" lina uzito. Neva za bega hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo, na ubongo hupima taarifa hizo pamoja na usingizi, hofu, kumbukumbu na shughuli inayokusubiri. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha kwa panya wa maabara kwamba baada ya jeraha, seli za uti wa mgongo huongeza ukali na kuanza kuitikia miguso ambayo awali hazikuijali.

Mfikirie kijana anayeamia ndege katika mashamba ya mpunga ya Ahero. Kweleakwelea wakishakula sehemu yote aliyokabidhiwa, siku zinazofuata hupiga debe hata kivuli cha jani kikipita. Debe linalia kweli, na masikio yanasikia kweli, ila mpunga hauliwi. Ndivyo neva za bega lililouma muda mrefu zinavyofanya.

Hatua ya nne: urudishie mkono kazi kidogo kidogo

Anza na mwendo ulioacha kuufanya. Simama mbele ya ukuta, teremsha na upandishe kiganja juu yake kana kwamba unaupangusa, mara 10. Baada ya siku chache ongeza uzito: chupa ya maji ya nusu lita, kisha ya lita moja, na kwa kuvuta tumia kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwenye kitasa cha mlango. Fanya mara 8 hadi 12, pumzika, rudia mara tatu, siku tatu kwa wiki. Maumivu yakiwa 3 au 4 kwa kipimo cha 0 hadi 10 wakati wa zoezi, na kufikia kesho yake asubuhi yakarudi yalipokuwa, kiwango hicho kinakufaa. Yakibaki juu hadi kesho kutwa, punguza uzito, lakini usiache. Jipe wiki 12 kabla ya kutoa hukumu.

Kazini, mtungi wa lita 20 ugawe mara mbili kwa muda, na usiku weka mto chini ya mkono unaouma.

Maswali ya wanachama

*Hujambo daktari? Mimi ni muuza samaki, Kibuye. Karatasi yangu inasema kano imechanika nusu. Nikiinua beseni si itamalizika?*

Sijambo, mama. Ni kweli kwamba baadhi ya michaniko hukua kadiri miaka inavyokwenda, nami sitakuficha hilo. Lakini kuinua mzigo unaoongezwa kidogo kidogo huimarisha misuli mingine inayoushika mkono. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 wa wagonjwa 452 wenye kano zilizochanika unene wake wote bila ajali, waliofanya mazoezi chini ya uangalizi, chini ya robo waliamua kupasuliwa ndani ya miaka miwili. Wewe mchaniko wako ni wa nusu. Anza na beseni tupu.

*Kaka, kwa maneno mengine unasema maumivu yangu yako kichwani? Mimi nakata miwa, sina muda wa kufikiria fikiria.*

Hapana, ndugu yangu, na nasikitika ikiwa nimeeleweka hivyo. Maumivu yako ni ya kweli, na mabadiliko ya neva ni mabadiliko ya mwili, sawa na uvimbe. Ninachosema ni kwamba bega likikuuma leo ukikata kwa panga, si lazima kitu kipya kiwe kimekatika ndani yake. Tazama kama siku ulizolala vibaya au ulizogombana na mnyapara bega huuma zaidi kwa kazi ile ile.

*Mwalimu, Kakamega. Nina kisukari. Bega haliinuki hata mke wangu akilisukuma.*

Mwalimu, hali yako ni tofauti na niliyoieleza. Mkono unaokataa hata ukisukumwa na mwingine, hasa kuzungushwa kwenda nje kiwiko kikiwa ubavuni, huashiria bega lililoganda, ambalo huwapata zaidi wenye kisukari. Huchukua miezi mingi, mara nyingine zaidi ya mwaka, kulegea. Upimwe na upigwe eksirei ili kuondoa sababu nyingine, na mkubaliane na daktari kuhusu sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe, kwa kuwa husaidia hasa miezi ya mwanzo lakini inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa.

*Na mkandaji anayesema mfupa umetoka, ataurudisha?*

Mfupa wa bega ukitoka, hutaweza kukaa ukiniandikia ujumbe. Kukandwa kwa upole hulegeza misuli kwa muda, na sina ugomvi nako. Akianza kuvuta mkono kwa nguvu ili mfupa ulie, mwambie asimame.