Kuifikia saa nane usiku ukiwa bado unahesabu: mazoezi ya mwili kwa mcheza pokeri

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda basi alfajiri hapa Mtwara kwenda Dar es Salaam kucheza shindano la pokeri kwenye ukumbi wenye leseni. Ni safari ya zaidi ya kilomita 550. Nilishuka jioni miguu imevimba, nikala chipsi mayai, nikaingia mezani usiku uleule. Saa za mwanzo nilicheza kwa utulivu kuliko nilivyowahi kucheza. Ilipofika saa nane usiku nikashika karata mbili nyekundu, nikaona nyekundu tatu zimefunuliwa mezani, nikasukuma vyote nilivyokuwa navyo. Karata yangu moja ilikuwa kopa. Nyingine zote zilikuwa uru. Nilidhani nina flashi, yaani karata tano za aina moja, na sikuwa nayo.

Niliporudi nilimsimulia mjomba wangu wa Chikongola, mtu aliyecheza arobastini tangu ujana wake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mpwa wangu, karata hazikukufanya kitu. Umeangushwa na usingizi na kiuno."

Tangu siku hiyo najiandaa kwa meza kama mchezaji wa mpira anavyojiandaa kwa mechi. Haya ndiyo ninayoyafanya, kwa mpangilio ninaoufuata. Nimeyaandika kwa ajili ya anayecheza tayari pokeri ya Texas Hold'em (kila mchezaji hupewa karata mbili zake, na tano hufunuliwa mezani kwa wote), au anayetoka kwenye arobastini na lasti kadi na anataka kuijaribu.

Kabla ya yote, suala la fedha. Kijiweni kwetu hatuwekeani fedha. Tunachezea vifuniko vya soda, kila mmoja anaanza na 100, na mwisho wa usiku vinarudi kwenye kopo. Wengi wetu dini haituruhusu kamari, na hilo naliheshimu kwa moyo wote. Sheria nayo iko wazi: michezo ya kubahatisha ya fedha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2003, inahitaji leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Ukicheza kwa vifuniko unajifunza yote niliyoyaandika hapa bila kugusa ada ya mtoto.

Hatua ya 1: Ijue saa yako ya kuchoka

Msimu wa korosho huwa nafanya ukarani wa ghala, nahesabu magunia yanayoshushwa. Ghalani kila karani anajua kwamba makosa hayatokei kwenye lori la kwanza. Yanatokea kwenye lori la mwisho, giza limeingia, mgongo unawaka, na watu wote wanataka kwenda nyumbani. Nilichukua maarifa hayo nikayapeleka mezani.

Nunua daftari dogo. Kila unapofanya uamuzi unaoujutia, andika saa tu. Usiandike karata, usiandike aliyekushinda. Fanya hivyo kwa usiku wa michezo minne au mitano. Mimi huanza kucheza saa mbili usiku, baada ya Isha, na daftari lilinionyesha kwamba karibu majuto yangu yote yalikuwa baada ya saa saba. Wewe huenda ni mapema zaidi. Usianze mazoezi yoyote kabla hujaipata saa hiyo, kwa sababu hutajua kama yamekusaidia.

Hatua ya 2: Chagua hesabu moja ya kujipimia

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mwili na akili vinapokutana.

Tuseme una karata mbili za shupaza mkononi. Mezani zimefunuliwa nne, mbili kati yake ni shupaza. Imebaki karata moja kufunuliwa. Shupaza ziko 13 kwenye pakiti, wewe unaziona nne, kwa hiyo zimebaki tisa. Karata usizoziona ni 46. Nafasi yako ni 9 kwa 46, yaani kama asilimia 19 na nusu. Njia ya haraka: hesabu karata zinazokufaa, zidisha kwa 2 ikiwa imebaki karata moja kufunuliwa, au kwa 4 ikiwa zimebaki mbili. Tisa mara mbili ni 18. Inakaribia vya kutosha.

Sasa tazama kapu, yaani vyote vilivyorundikwa katikati ya meza. Mna vifuniko 70, mpinzani anaongeza 20. Kapu limekuwa 90. Wewe utoe 20, jumla itakuwa 110. Ishirini katika 110 ni kama asilimia 18. Nafasi yako ni kubwa kidogo kuliko bei, kwa hiyo lipa.

Rudia hali ileile, ila mpinzani aongeze 40. Kapu 110, wewe utoe 40, jumla 150. Arobaini katika 150 ni karibu asilimia 27. Bei imepita nafasi yako. Weka karata chini, isipokuwa una hakika kwamba shupaza ikitoka atakulipa vingine vingi.

Karata ni zilezile na majibu ni mawili. Saa tatu usiku unaipiga hesabu hii kabla hujameza mate. Saa nane usiku, mtu aliyechoka haipigi kabisa; anatazama shupaza zake nne, anasikia tamaa, analipa. Ndiyo maana naitumia kama kipimo. Kila baada ya saa moja najiuliza swali la namna hii kimoyomoyo, kwa namba nyingine. Nikichelewa kujibu, najua mwili umeanza kunidai.

Hatua ya 3: Kimbia, lakini polepole

Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Mimi nilianza na 150: siku tano, dakika 30. Kwa joto letu la pwani, toka mara baada ya swala ya alfajiri. Saa mbili asubuhi jua la Mtwara tayari linachoma, na unyevu wa hewa hauruhusu jasho kukauka, hivyo mwili haupoi.

Natokea Shangani. Maji yakiwa yamekupwa nakimbia kwenye mchanga ulioshikana karibu na bahari, nikiwa na viatu kwa sababu ya matumbawe. Yakiwa yamejaa napita barabarani. Kasi ni ile inayokuruhusu kuongea sentensi nzima bila kuhema. Wiki mbili za mwanzo tembea dakika tatu, kimbia dakika mbili, na usimwonee haya mtu anayekupita.

Baada ya miezi mitatu niliweza kufika Mikindani, kama kilomita 10, nikasimama chini ya Boma la Wajerumani kunywa dafu, kisha nikarudi kwa bajaji. Kurudi kwa bajaji ni sehemu ya mpango. Unajenga moyo unaopiga taratibu, na moyo huo ndio utakaoutumia mpinzani anaposukuma vifuniko vyote katikati.

Hatua ya 4: Kiuno na mgongo

Shindano kubwa la World Series of Poker kule Las Vegas, lile la kiingilio cha dola 10,000, linachezwa siku nyingi, na kila kiwango, yaani kipindi cha kucheza kabla dau la lazima halijapanda, kinadumu saa mbili. Wanakaa kitini kama saa kumi kwa siku. Sisi hatukai hivyo, lakini viti vya plastiki vya kijiweni haviwezi kumhurumia mtu.

Ukikaa muda mrefu, misuli ya mbele ya nyonga inafupika na ya makalio inalala. Mgongo wa chini unabeba kazi yao. Fanya haya siku tatu kwa wiki, dakika 15 tu: kuchuchumaa na kusimama mara 15, pushapu nyingi uwezavyo bila kukunja mgongo, kujinyoosha kama ubao juu ya viwiko kwa nusu dakika, kisha goti moja chini, mguu mwingine mbele, sukuma nyonga mbele taratibu mpaka uhisi mvuto, hesabu hadi 30, badili mguu. Rudia mzunguko mara tatu. Msimu wa korosho, kama unabeba magunia, acha vyote isipokuwa hilo la nyonga.

Wapo waliofika mbali zaidi. Ndugu wawili wa Kanada, Jaime na Matt Staples, waliwekeana dau na mchezaji mwenzao mwaka 2017: mmoja akiwa na zaidi ya kilo 135, mwingine karibu 60, walipewa mwaka mmoja wafike uzito mmoja, tofauti isizidi ratili moja. Walifika, wote karibu kilo 85, wakapata dola 150,000. Sikushauri dau. Nawataja kwa sababu walifanya kila siku jambo dogo lilelile kwa miezi 12, na hiyo ndiyo subira ileile inayotakiwa mezani.

Hatua ya 5: Chakula na usingizi

Siku ya mchezo nalala mchana, dakika 20 hadi 30, baada ya Adhuhuri. Usiku wa kuamkia siku hiyo nalala kwa muda wa saa saba au nane. Hili halina mbadala, na ndilo wachezaji wengi wanalolidharau.

Jioni nakula kabla ya saa moja: samaki wa kuchoma, mboga, na ming'oko (mizizi ya porini ya huku kwetu) iliyochemshwa badala ya sahani ya ubwabwa. Ming'oko inanishibisha bila kunilaza. Mezani naweka korosho kiganja kimoja na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Kahawa ya muuza kahawa ni tamu na kashata yake, lakini mwisho wangu ni saa tatu usiku. Kahawa hukaa mwilini: kikombe cha saa nne usiku, nusu ya nguvu yake bado imo saa tisa, na utakapotaka kulala hutalala.

Hatua ya 6: Cheza michezo mingine

Arobastini inakufundisha kukumbuka turufu zilizopita na kumsoma mwenzako aliyekaa mbele yako bila kusema neno. Bao linakufundisha kuhesabu kete za mbele kabla ya kunyanyua mkono. Usiviache kwa sababu umejua pokeri.

Mpira nao una somo ambalo pokeri peke yake ilichelewa kunifundisha. Nenda uwanja wa Nangwanda Sijaona siku ya mechi, tazama penalti. Penalti nyingi huingia, takriban tatu katika nne. Mpigaji akiupiga chini pembeni, kipa akaupangua, kocha mwenye akili hambadilishi mpigaji. Uamuzi ulikuwa sahihi. Mezani ree mbili dhidi ya kingi mbili, zikiingia zote kabla ya karata za mezani kufunuliwa, hushinda kama mara 82 katika 100. Zile 18 zitakukuta tu. Anayechemka baada ya moja ya hizo 18 atapoteza vifuniko vyote vilivyobaki kwa karata mbovu.

Namheshimu sana marehemu Doyle Brunson wa Texas kwa jambo hili. Alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu chuoni, mwenye matumaini ya kucheza kulipwa, mpaka mguu ukavunjika kazini. Akahamia kwenye karata, akashinda shindano kubwa la Las Vegas mwaka 1976 na 1977, mara zote mbili karata za mwisho mkononi mwake zikiwa ile ya kumi na ile ya mbili, ambazo kwa kawaida ni za kutupa. Naamini uwanja ulimfundisha kupoteza na kurudi kesho yake.

Hatua ya 7: Usiku wenyewe

Kila baada ya dakika 50 simama, hata kama karata zinakuja vizuri. Zunguka kibaraza, nyoosha nyonga, kunywa maji. Ukipoteza kapu kubwa, tupa karata mbili utakazogawiwa baada ya hapo bila kuzicheza, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, mara kumi. Weka kiganja kifuani usikie mapigo yakishuka.

Halafu kuna ile saa ya kwenye daftari lako. Ikifika, jiulize hesabu ya Hatua ya 2. Ukijibu bila kuchelewa, endelea. Ukikwama, waage wenzako. Jumamosi iliyopita nilijibu saa saba, nikajibu saa nane, na saa tisa kasoro robo nikazitazama karata mbili nyekundu mkononi na kuzirudia mara mbili ili niwe na hakika. Zilikuwa uru na uru. Nikazicheza, nikalichukua kapu, nikamwambia mjomba, "Shikamoo, mimi nakwenda kulala." Akaitikia "Marahaba" huku anachanganya karata.