Somo: Darasa la muziki mtaani, kila mtoto akiwemo

Wapendwa, wengi mnauliza nawezaje kufundisha muziki hapa Nkuhungu, Dodoma, bila mfadhili, tena watoto wenye ulemavu na wasio nao wakiwa pamoja. Ni hivi.

Hatua ya 1: Weka ubao pembeni. Mwaka wa kwanza nilianza na nota, do re mi kwa chaki. Mtoto mmoja asiyeona alikaa wiki mbili kakunja mikono, nami nikamsifu kuwa ni mpole. Kumbe sikuwa nimempa kitu cha kushika. Bado inaniuma. Ngoma za Wagogo mtoto hujifunza kwa kusikia, kuiga na kurekebishwa na aliye kando yake. Piga mapigo manne, nao wayarudishe. Hapo wote wanaanzia mstari mmoja.

Hatua ya 2: Vyombo. Ngoma moja, makopo ya maziwa yenye punje za mtama, na ilimba moja ya fundi, yaani kile chombo cha Wagogo chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Kwenye ulimi wa sauti ya kuanzia dondoshea tone la rangi ya kucha. Likikauka linabaki kinundu, na kidole hakipotei.

Hatua ya 3: Mkono usioshika. Kata utepe wa tyubu ya baiskeli, upana wa vidole viwili. Uzungushe kiganjani, mkwiro, yaani kijiti cha kupigia ngoma, upite kati ya mpira na kiganja, fundo likae mgongoni mwa mkono. Usikaze: kidole chako kipite chini ya mpira. Binti mmoja, ambaye kila mara mkwiro ulimponyoka, siku hiyo alipiga mpaka mama yake akaja kumfuata magharibi.

Wa kiti cha magurudumu? Kinamama wa muheme, ngoma ya Wagogo inayopigwa na wanawake, hubana ngoma mapajani. Naye aibane vivyo hivyo.

Hatua ya 4: Ada. Watoto wanane kwa kipindi, shilingi 1,000 kwa mwenye nayo. Asiye nayo anaingia, na ninayejua ni mimi tu. Jina la mtoto halitajwi kwa ada mbele ya wenzake. Hilo silegezi.

MASWALI

Mama wa Chang'ombe: Shikamoo mwalimu. Mwanangu hasikii kabisa. Nimlete afanye nini?

Marahaba, mama. Mlete. Ngoma kubwa tunaiweka juu ya mbao, naye anasimama peku juu ya mbao hiyohiyo; au ashike puto kwa viganja viwili, mtetemo utamfikia. Evelyn Glennie wa Uskoti alipoteza sehemu kubwa ya usikivu utotoni, na amezunguka dunia akipiga ngoma, mara nyingi peku. Darasa zima nalifundisha ishara za mkono za kuanza na kusimama.

Mwalimu, Kongwa: Wangu huziba masikio ngoma zikilia.

Usimlazimishe. Aishike kwanza ikiwa kimya. Akae karibu na mlango, atoke bila kuomba ruhusa. Wangu alipiga kopo nje ya mlango miezi miwili kabla ya kuingia.

Kijana, Mpwapwa: Kwa hiyo nota tuziache kabisa?

Hapana, zije baadaye, na asiyeona azisome pia. Louis Braille, aliyebuni nukta nundu ambazo wasioona husoma kwa vidole, alikuwa mpiga kinanda kanisani, na kitabu chake cha 1829 kilihusu maneno na muziki pia. Nukta nundu zina nota zake. Kwa kujifunza nukta nundu zenyewe, Buigiri, hapa mkoani Dodoma, kuna shule ya wasioona. Waone walimu wa pale.

Mama wa Chang'ombe: Asante. Ngoma yetu ya nyumbani imelegea, tuje nayo?

Njoo nayo, mama. Ianike juani kabla hamjatoka, ngozi ikaze.